Mvuvi akikamatwa ng'ambo ya ziwa analilia wapi? Hizi taasisi za haki za Afrika zinashirikiana kweli au kila moja na geti lake

Dagaa_Mwaloni (mleta uzi):

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mtu wa Mwanza, shughuli yangu ipo mwaloni Kirumba, natoa dagaa visiwani nauza kwa wafanyabiashara wanaopeleka mikoani na wengine Congo, kwahiyo watu ninaoshinda nao ni wavuvi, matajiri wa mitumbwi na kina mama wa kuanika. Sio mwanasheria. Ila kuna ishu imenifanya nisome sana miaka hii na leo nimeamua niimwage hapa tuichambue.

Ziwa letu ni moja ila limegawanywa nchi tatu. Kenya ana kama asilimia 6 tu ya maji, Uganda ana kipande kikubwa, sisi tuna karibu nusu. Sasa majini hakuna bikoni jamani. Kijana katoka Goziba usiku kwenda kutega, upepo ukageuka, nyavu zikasombwa naye akazifuata maana sio zake ni za tajiri, kunakucha anakuta boti ya doria ya nchi nyingine imemkalia kooni. Mashine inafunguliwa inabebwa, nyavu zinabebwa, samaki ndio usiulize, na yeye mwenyewe anaenda kulala ndani ugenini. Niliwahi kushika karatasi aliyopewa mmoja wao siku ya kuachiwa, kipande cha daftari la shule kimechanwa upande mmoja, kimeandikwa kwa peni mashine moja na nyavu, chini saini ya kujikunjakunja, hakuna muhuri, hakuna jina, hakuna cheo. Hiyo ndio risiti ya mtaji wa mtu mzima mwenye watoto. Na tusijifanye malaika, wenzetu wa ng'ambo nao wanalia hivyohivyo wakishikwa upande wetu.

Huyu kijana anaenda wapi? Ukiangalia ramani tumezungukwa na taasisi mpaka basi. Jinja kuna shirika la uvuvi la ziwa hili, limeundwa kwa mkataba wa 1994. Kisumu kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Arusha hapo kuna mahakama mbili, ya Afrika Mashariki na ya Afrika nzima. Banjul huko Gambia kuna Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Halafu kila nchi ina tume yake, sisi THBUB yaani Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, Kenya wana yao, Uganda wana yao.

Mgonjwa akizidiwa zahanati ya kijiji anaandikiwa rufaa, anaenda Sekou Toure, ikishindikana Bugando, na karatasi yake anatembea nayo. Kwenye haki karatasi haitembei. Ukigonga hapa unaambiwa sio kwetu, na anayekwambia sio kwetu hakwambii ni kwa nani. Mimi naamini hatuhitaji taasisi nyingine mpya hata moja, tunahitaji hizi zilizopo zipokezane mtu. Karibuni.

Kapuku_Igoma:

Naweka kiti hapa. Wajuvi wa sheria mje.

Mzalendo_Buzuruga:

Mleta uzi umeandika vizuri ila hizi mahakama za nje ni za kutudhalilisha tu. Nchi ina Mahakama Kuu ina Mahakama ya Rufani, kesi imesikilizwa mwanzo mwisho, halafu mtu anabeba faili anakwenda kuishtaki nchi yake mbele ya majaji wa nchi nyingine. Ndio maana serikali ilijitoa 2019 na mimi naunga mkono mia kwa mia.

Wakili_wa_Nyegezi:

Mzalendo taratibu kaka, hapo kwenye "ilijitoa" watu wengi wanachanganya mambo, ngoja niwafungulie maana ndio kiini cha uzi huu.

Mahakama ya Afrika iliundwa kwa itifaki ya Ouagadougou ya 1998, ikaanza nguvu 2004, na tangu 2007 makao yake ni Arusha. Tanzania iliridhia itifaki hiyo 2006 na mpaka leo ni mwanachama, haijatoka. Kilichoondolewa ni tamko. Kwenye itifaki kuna kifungu cha 34(6), kinasema mtu binafsi na asasi hawawezi kufungua kesi moja kwa moja mpaka nchi husika iweke tamko la kuruhusu. Sisi tuliliweka 2010, tukaliondoa Novemba 2019, na likakoma kufanya kazi mwaka mmoja baadae maana mahakama ilishasema kwenye kesi ya Rwanda kwamba lazima notisi ya mwaka ipite. Rwanda walitangulia 2016, sisi tukafuata, 2020 zikaja Benin na Ivory Coast.

Sasa sikilizeni hili. Kenya na Uganda hawajawahi kuweka tamko hilo hata siku moja. Maana yake leo hii nchi zote tatu za ziwa zipo sawa, Mtanzania, Mkenya na Mganda wote hawaingii Mahakama ya Afrika kwa mlango wa mbele. Mlango uliobaki ni Banjul. Tume inapokea malalamiko ya mtu yeyote dhidi ya nchi iliyoridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu wa 1981, na Tanzania tuliridhia tangu 1984. Na Tume yenyewe, kwa kifungu cha 5 cha itifaki, ina haki ya kuichukua nchi ikaipeleka mahakamani Arusha. Kwahiyo huo upokezanaji anaoulilia mleta uzi upo kwenye karatasi, tena itifaki imesema wazi kwamba mahakama ipo kukamilisha kazi ya Tume. Tatizo ni unatumika mara ngapi. Kesi za Tume kwenda mahakamani ninazozijua mimi ni tatu, mbili za Libya na moja ya Waogiek wa Kenya.

Mzalendo_Buzuruga:

Sawa nimekuelewa hapo kwenye tamko. Ila bado, kwanini Tanzania ndio ilikuwa inaongoza kwa kushtakiwa? Sisi ndio wabaya kuliko Afrika nzima?

Mtoto_wa_Butimba:

Kaka Mzalendo hilo nakujibu mimi. Kesi zile nyingi zilikuwa za wafungwa, na sio wachache wametokea hapahapa Butimba. Nimekulia jirani na lile gereza, baba yangu mdogo alikaa mle na akatoka anaijua sheria kuliko sisi tuliosoma. Mle ndani stori za Arusha zilikuwa zinatembea, mmoja akiandika barua ikajibiwa basi bweni zima linataka kuandika. Na faida ni kwamba Mahakama ya Afrika hailipishi ada ya kufungua kesi, ungekuwa huna hata mia unafungua.

Walichokuwa wanalia wengi ni kimoja, mtu kashtakiwa unyang'anyi wa silaha au ubakaji, kifungo ni miaka 30, na hakuwa na wakili tangu mwanzo mpaka mwisho. Anasimama peke yake na mwendesha mashtaka aliyesomea hiyo kazi. Mahakama ikawa inasema hapo haki imevunjwa, kesi kama hiyo mtu alitakiwa apewe wakili wa bure hata kama hakuomba. Na usidhani walikuwa wanawafungulia milango, hapana, maombi ya kuachiwa wengi walikataliwa, wakaambulia fidia ya shilingi 300,000 basi. Sasa huko ndio kudhalilishwa nchi? Mbona 2017 bunge letu wenyewe lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Mtu akikwambia shati limechafuka mgongoni unalifua, hugombani nae.

Mzalendo_Buzuruga:

Laki tatu kwa miaka 30? Hiyo nayo ni haki gani sasa 😂

Mtoto_wa_Butimba:

Ndio ujue hawakuwa wanatugawia mali ya umma kama ulivyodhani.

Omena_Mbita:

Habari zenu ndugu zangu wa TZ, mimi nasoma hii uzi nikiwa Mbita, Homa Bay, huku dagaa tunaita omena. Mleta uzi umeongea ukweli mtupu, hata sisi vijana wetu hushikwa na boti za ng'ambo na familia inaanza kuchangishana pesa kwa simu. Hiyo Migingo mnaisikia, ni mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira lakini Kenya na Uganda wamevutana juu yake miaka na miaka, na mvuvi anabaki katikati, leo anatozwa na huyu kesho anatozwa na yule.

Lakini nilitaka niguse hiyo kesi ya Ogiek amesema wakili kwa sababu inaonyesha uzuri na ubaya wa hii maneno ya taasisi kushirikiana. Waogiek ni watu wa msitu wa Mau, wanaishi na asali na uwindaji tangu enzi za babu zao. Mwaka 2009 wakapewa notisi watoke msituni. Wao pamoja na mashirika yanayowasaidia wakapeleka kesi Banjul, Tume ikaona ni jambo zito, 2012 ikaipeleka kwa mahakama Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba, kuanzia haki ya mali hadi ya utamaduni. Juni 2022 ikatoa amri ya fidia, milioni 57.85 za Kenya kwa hasara waliyopata na milioni 100 kwa machungu, na ikasema wapewe hati ya ardhi yao ya pamoja.

Hapo mtu anapiga makofi. Sasa Novemba 2023 huko Sasimwani, Narok, familia za Ogiek zikabomolewa nyumba tena. Baada ya hukumu mbili bana. Tume ilifanya kazi yake, mahakama ikafanya yake, walipokezana vizuri kabisa, halafu mpira ukafika kwa serikali ikaukalia.

Dagaa_Mwaloni:

Ndugu yangu wa Mbita asante sana. 2009 mpaka 2022 ni miaka 13, na bado nyumba inabomolewa. Sasa kwa mvuvi ambaye msimu mmoja bila mashine anakuwa ameshafilisika, hii njia ya Banjul sio ya kwake, tuseme ukweli. Hiyo ni njia ya kabila, ya kijiji, ya watu wengi wenye jambo moja. Wakili hebu tupe njia fupi kama ipo.

Wakili_wa_Nyegezi:

Ipo na watu wengi wa ziwa hawaijui, inaniumaga sana hii.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, hiyo ya pili iliyopo Arusha, kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinasema mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupeleka mahakamani uhalali wa kitendo cha nchi mwanachama. Soma tena hapo, MKAZI YEYOTE, kitendo cha NCHI MWANACHAMA, haijasema lazima iwe nchi yako. Mvuvi wa Ukara anaweza kuishtaki Uganda, wa Mbita anaweza kuishtaki Tanzania. Haihitaji tamko wala ruhusa. Na haikulazimishi umalize kwanza mahakama za ndani, tofauti na Banjul ambako usipomaliza ngazi za ndani unarudishwa.

Utaniuliza hiyo mahakama ina mamlaka ya haki za binadamu? Hapo ndio pana utamu. Kifungu cha 27 kinasema mamlaka hayo yatakuja baadae kwa itifaki maalum. Lakini 2007 kuna kesi ya akina Katabazi wa Uganda, watu walipewa dhamana Mahakama Kuu Kampala, wanajeshi na askari wakaizingira mahakama wakawarudisha ndani. Kesi ikaja Arusha, serikali ikasema nyie hamna mamlaka ya haki za binadamu, majaji wakajibu kwa akili sana kwamba ni kweli hatuna kesi za haki za binadamu moja kwa moja, ila kazi yetu ni kutafsiri Mkataba wa Jumuiya, na Mkataba huo unazitaka nchi ziheshimu utawala wa sheria, basi hatuwezi kuiacha kazi yetu eti kwa sababu ndani yake kuna madai ya haki za binadamu. Uganda ikapatikana imekiuka. Tangu hapo mlango upo wazi, wakapita waandishi wa Burundi waliopinga sheria ya habari ya kwao, hukumu ikatoka 2015, halafu Baraza la Habari na wenzao waliopinga ya kwetu ya 2016, hukumu ikatoka 2019.

Na hapa ndio penye ushirikiano ambao hauhitaji kikao. Kifungu cha 6(d) cha Mkataba wa Jumuiya kinautaja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu kwa jina. Kwahiyo jaji wa Afrika Mashariki anapoamua anachungulia kile kilichosemwa Banjul na kwenye ile mahakama nyingine, na hoja iliyoshinda upande mmoja unaibeba kwenda upande mwingine.

Ila sasa, MIEZI MIWILI. Una miezi miwili tu tangu kitendo kutokea au tangu ulipojua. Ikipita umekwisha. Kuna kesi ya watu wa Mlima Elgon huko Kenya, madai mazito ya watu kuteswa na kuuawa kwenye operesheni ya 2006 mpaka 2008, shirika la madaktari na wanasheria wakaipeleka, ngazi ya kwanza wakakubaliwa, ngazi ya rufaa Machi 2012 ikafutwa kwa sababu ya muda. Hawakushindwa kwa ushahidi, walishindwa na kalenda.

Kapuku_Igoma:

Duh. Miezi miwili mvuvi bado anatafuta nauli ya kurudi nyumbani.

Dagaa_Mwaloni:

Ndio hapo sasa. Na ndio maana nasema hizi tume za kitaifa ndio zingekuwa mapokezi. THBUB wana ofisi yao hapa Mwanza. Mvuvi akishikwa Uganda, familia ingeenda pale, wao wangewapigia wenzao wa Kampala siku hiyohiyo, mtu wa Kampala anaingia mahabusu kuangalia, anajua kosa ni nini, anajua mashine ipo wapi, na faili linafunguliwa lenye tarehe. Hata kama haliishii mahakamani, ikifika hiyo miezi miwili kuna kitu cha kushika mkononi. Hilo halihitaji mkataba mpya, linahitaji simu na mtu wa kuipokea.

Vikao_Tu:

Nyie mnaota. Mimi nimefanya kazi za ukalimani kwenye haya makongamano, nawajua. Ushirikiano wa taasisi za kikanda ni hoteli, begi la bure, picha ya pamoja na tamko la mwisho. Oktoba 2019 mahakama tatu za mabara, ya Afrika, ya Ulaya na ya Amerika, zilikutana hapo Kampala zikatoa tamko la kushirikiana, mwaka kabla yake walishakutana San José nchi ya Costa Rica. Maneno mazuri. Mwezi uliofuata baada ya Kampala, Novemba, nchi mwenyeji wa Mahakama ya Afrika ambayo ni sisi ikaondoa tamko lake. Sasa huo ushirikiano ulimsaidia nini mtu?

Na msisahau ile mahakama ya SADC, yaani jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pale Windhoek, Namibia. 2008 iliamua kesi ya wakulima wa Zimbabwe dhidi ya serikali yao, 2010 wakuu wa nchi wakaisimamisha, na walipokuja kuifufua kwenye karatasi wakasema ni ya nchi kwa nchi, mwananchi hayumo. Na sisi ni wanachama wa SADC. Taasisi za haki za hawa wakubwa zinaishi mpaka siku zitakapowagusa.

Wakili_wa_Nyegezi:

Hapo kwa SADC sina la kukubishia. Ila mahakama zikisomeana hukumu ina faida hata kama hukuiona kwenye picha ya pamoja, mimi nikisimama Arusha na hoja iliyokwisha kubaliwa na mahakama tatu, jaji ananisikiliza tofauti.

Binti_Nansio:

Kaka zangu nimesoma kimya tangu juzi, naomba niseme la kwangu maana naona mnaongea wavuvi tu.

Mimi ni wa Ukerewe, mdogo wangu wa mwisho ana ualbino. Waliokuwepo kanda ya ziwa kuanzia 2006, 2007 na kuendelea hawahitaji kuhadithiwa. Nyumbani mama aliweka sheria, jua likianza kushuka mtoto yupo ndani, komeo mbili, na jembe linalala nyuma ya mlango. Tukivuka na pantoni kuja Mwanza anafungwa kitenge kichwani mpaka usoni na mama hamwachii mkono hata akienda kununua tiketi, na macho ya watu mle ndani ya pantoni ndio yalikuwa yananiumiza, kuna anayemuonea huruma na kuna anayemuangalia kama anahesabu. Kipindi cha uchaguzi kikikaribia hata shule hakwendi. Sasa hivi ni kijana mkubwa ila hiyo tabia ya kugeuka nyuma kila baada ya hatua chache hajaiacha.

Na hii biashara ilikuwa haina mpaka. Mtu anashambuliwa huku, mnunuzi yupo nchi nyingine. 2009 huko Ruyigi, Burundi, walihukumiwa watu kwa mauaji ya wenye ualbino, na ilielezwa viungo vilikuwa vinavushwa kuja kuuzwa kwetu. Polisi wa nchi moja ungemaliza vipi jambo kama hili.

Sasa niwape mfano wa taasisi kupokezana ambao mmeusahau wote. 2013 Tume ya Banjul ilitoa azimio kuhusu mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. 2015 Umoja wa Mataifa wakaweka mtaalam maalum wa jambo hili. Umoja wa Afrika nao wakapitisha mpango wa utekelezaji. Na 2018 asasi tatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha hapa kwetu pamoja na moja ya Pretoria na nyingine ya Banjul, zikaifungulia Tanzania kesi Mahakama ya Afrika. Ilikuwa 2018, tamko bado lipo. Tulipoliondoa kesi haikufa, maana kuondoa tamko hakugusi kesi iliyokwisha fika. Tarehe 5 Februari 2025 hukumu ikatoka, nchi ilishindwa kuwalinda, haki ya kuishi imo humo, na amri zikatolewa, uwepo mfuko wa fidia kwa waathirika, sheria ya uchawi ambayo ni ya tangu 1928 ya mkoloni irekebishwe, watu waelimishwe.

Mlango ulikuwa umeshafungwa na hukumu ikatokea humohumo. Nilimsomea mama ile habari kwenye simu. Akaniuliza kitu kimoja tu, huo mfuko upo benki gani.

Omena_Mbita:

Pole sana dadangu. Mama ameuliza swali la maana kuliko sisi wote.

Mzalendo_Buzuruga:

Dada pole. Kwenye hili la ualbino sina ubishi, kama mahakama ya nje ndio imeweza kulisema wacha iseme.

Vikao_Tu:

Mzalendo kumbe unalainika 😄 Ila dada Nansio umenigusa, tena umenipa hoja. Hao waliofungua kesi ni asasi, sio taasisi za serikali. Wanaounganisha Banjul na Arusha na Mwanza ni asasi. Zikibanwa asasi hata hizo mahakama zinabaki na majengo.

Wakili_wa_Nyegezi:

Hapo nakubali asilimia zote. Hata Ogiek ni asasi ziliibeba. Ndio maana mimi naona kazi ya kwanza sio kuwalaumu majaji, ni nani anaandaa faili. Hukumu ya ualbino kuitekeleza ni kazi ya serikali ila kuikumbusha ni kazi yetu. Mahakama inatakiwa kila mwaka ipeleke ripoti kwa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika na kuwataja ambao hawajatekeleza, na mwananchi mwenye taarifa ya kinachoendelea huku chini anaweza kuipitisha kwa walewale walalamikaji. Dada Binti_Nansio, wewe na mama mna taarifa ambazo Arusha hawana, kama mfuko upo au haupo, kama kuna mtu amewahi kuja kuwaelimisha huko visiwani. Andika, weka tarehe, peleka kwa hiyo asasi iliyoshtaki.

Binti_Nansio:

Nitafanya hivyo kaka. Kuna kikundi chetu cha wenye ualbino hapa kisiwani, nitaongea nao Jumapili tuandike kwa pamoja isiwe barua ya mtu mmoja.

Dagaa_Mwaloni:

Safi sana dada. Sasa na mimi nirudi kwa watu wangu. Nataka nitengeneze karatasi moja ya kubandika kwenye ofisi za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ya Kiswahili cha kueleweka, mtu akishikwa afanye nini. Wakili nisaidie, niweke nini? Na ile miezi miwili inahesabiwa tangu siku ya kukamatwa au ya kuachiwa? Hapo ndio vijana wataniuliza.

Omena_Mbita:

Ukimaliza nitumie, mimi nitaipeleka beach zetu za huku, watu wetu wa majini wote wanaelewa Kiswahili. Na uweke nafasi ya kuandika jina la nchi iliyoshika, usiweke Uganda peke yake, hata nyinyi mnatushika 😂

Wakili_wa_Nyegezi:

Hesabu tangu siku ya kukamatwa, usimpe mtu matumaini ya kuhesabu tangu kuachiwa, maana upande wa pili watasema kitendo kilitokea siku ile na ile kesi ya Mlima Elgon ndio wataishika. Kama mtu alikuwa hajui, mfano mwenye chombo yupo Mwanza na amepata habari wiki mbili baadae, basi kwake unahesabu siku aliyojua, ila aweze kuonyesha alijuaje, meseji ya simu isifutwe. Kwenye karatasi yako weka namba ya usajili wa mtumbwi, saa na sehemu mlipokuwa, kama simu ina ramani piga picha ya hiyo ramani ikiwa na alama ya mlipo, namba ya boti iliyowashika, majina ya mliokuwa nao, vitu vilivyochukuliwa na bei yake, na kituo mlichopelekwa. Hiyo karatasi ya daftari isiyo na muhuri nayo msitupe, ndio ushahidi wenyewe kwamba walichukua. Halafu siku ya kwanza familia iende THBUB hapo Mwanza ipeleke malalamiko kwa maandishi, nakala ibaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nitumie rasimu pm nikupitishie kabla hujapiga nakala.